Birika ni zima, kata ndiyo kubwa

Swali: Assalamu alaikum fundi. Mimi ni mwalimu hapa Lamu, nafundisha Matondoni na nakaa Langoni. Wiki tatu zilizopita nilinunua laptopu mpya Mombasa kwa shilingi 62,000. Muuzaji aliniambia betri yake inakaa masaa 10, na kwenye boksi imeandikwa hivyo hivyo. Mimi sijawahi kupita masaa matatu na dakika ishirini. Kazi yangu ni maandalio ya masomo, mitihani, na kutafuta vitu kwenye intaneti. Intaneti natumia ya simu, nimeiunga kwa waya. Jioni napenda kufanyia kazi barazani. Nikiifunga usiku na kuitia begini, asubuhi naikuta imepungua asilimia 15 au zaidi. Binamu yangu anasema niichaji masaa manane mfululizo kisha niiache iishe kabisa, mara tatu, ndipo betri ifunguke. Dukani walinipa siku 30 za kuirudisha na zimebaki tisa. Niirudishe?

Wa alaikumu salaam, mwalimu. Usiirudishe bado, na ushauri wa binamu yako uache kabisa, nitakueleza kwa nini. Siku tisa zinatosha kujua ukweli wote.

Nilikuomba kwanza uniletee ripoti ya betri, nawe ukaileta siku ile ile. Nashukuru, maana bila namba tungekuwa tunapiga ramli. Kwa wengine wanaosoma, ripoti hiyo imo ndani ya kila laptopu yenye Windows 8 au mpya zaidi na haihitaji bando wala kupakua chochote. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, piga Enter. Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika powercfg /batteryreport kisha piga Enter tena. Kompyuta itakuambia imeliweka wapi faili lake, nawe ulifungue kama unavyofungua ukurasa wowote wa intaneti.

Humo mna mistari mitatu ninayoitazama kabla ya kitu kingine. DESIGN CAPACITY ni kiasi cha umeme ambacho betri iliundwa kubeba. FULL CHARGE CAPACITY ni kiasi inachobeba leo ikijaa. CYCLE COUNT ni idadi ya mizunguko, na mzunguko mmoja ni asilimia 100 ya chaji iliyotumika, hata ikitumika kwa vipande, leo 40 na kesho 60. Yako inasoma 42,000, kisha 41,160, kisha 11. Maana yake betri yako inabeba asilimia 98 ya ilichoundwa kubeba, na imetumika mizunguko 11 tu. Betri hiyo ni mpya kweli na ni nzima.

Nasisitiza upya wake kwa sababu si kila inayouzwa mpya ni mpya. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea laptopu ambayo nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imebanduka nusu tu kwenye mfuniko. Ripoti yake ilisoma mizunguko 412, na betri ilikuwa imebaki na asilimia 61. Ilikuwa mashine iliyotumika ofisini miaka kadhaa, ikasafishwa, ikavishwa nailoni upya. Alirudi nayo dukani na ripoti mkononi, akarudishiwa pesa zake bila ubishi mrefu. Angalizo moja: mashine nyingine huuacha wazi mstari wa mizunguko, au huandika 0 hata zikiwa kuukuu, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Linganisha ile mistari miwili ya mwanzo.

Sasa, kama betri ni nzima, chaji inakwenda wapi?

Fikiria birika la maji la nyumba zetu za zamani. Birika likiisha upesi kuna mambo mawili ya kuuliza: linavuja, au kata ya kuchotea ni kubwa? Lako halivuji, ripoti imeshatuambia. Basi tuipime kata. Miliwati-saa 41,160 ni wati-saa 41 na kidogo. Zigawe kwa masaa yako matatu na dakika ishirini, unapata wati 12. Hicho ndicho laptopu yako inachochota kila saa. Ili ifike masaa 10 ya kwenye boksi, ingebidi ichote wati 4 tu. Taa ndogo ya LED ya wati 9 inayowaka sebuleni kwako inakula zaidi ya mara mbili ya hapo.

Masaa 10 si uongo mtupu, ila hupatikana kwa namna ambayo hakuna mwalimu anayefanya kazi. Kwa kawaida watengenezaji huchezesha video moja iliyohifadhiwa ndani ya mashine, mwanga wa skrini ukiwa umeshushwa na mambo mengine yamezimwa, mpaka chaji iishe. Ndiyo maana maandishi ya boksi husema "hadi" masaa 10. Muuzaji aliliacha neno hilo nyuma, na hapo ana lawama. Tarajio la haki kwa mashine kama yako, kwa kazi zako, ni masaa sita hivi, wati 6 au 7. Kwa hiyo tunatafuta wati kama 5 zinazopotea.

Nilipousoma ujumbe wako mara ya pili, nilisimama kwenye maneno haya: "nimeiunga kwa waya." Mwalimu, simu iliyochomekwa kwenye laptopu haileti intaneti tu. Inanywa. Tundu la kawaida la USB linaweza kutoa wati 2.5, lile la kasi zaidi wati 4.5, na mengine hutoa zaidi. Tena simu inayogawa intaneti inafanya kazi kwa bidii, inapata moto, na betri yake inashuka, kwa hiyo inazidi kuomba. Simu nyingi za siku hizi zina betri ya mAh 5,000, ambayo ni karibu wati-saa 19. Yako ni 41. Ukiijaza simu moja mara moja kutoka kwenye laptopu, umeipa karibu nusu ya birika. Hapa pekee nina hakika umepoteza saa nzima au zaidi kila siku, na katika wiki tatu hizi hakuna aliyekwambia, kwa sababu kila mtu alikuwa anaitazama betri.

Tumia intaneti ya simu bila waya. Wai-fai ya laptopu inakula kidogo sana ukilinganisha na kuilisha simu. Iweke simu mezani karibu na laptopu, na uichaji kwa chaja yake kabla ya kutoka nyumbani. Kwa siku ndefu za Matondoni, pawabenki ndogo ya simu itakusaidia kuliko betri yoyote mpya ya laptopu.

La pili ni skrini, na hapa nailaumu baraza yako, ingawa naipenda. Ukiwa nje jioni kabla ya magharibi, unalazimika kuupandisha mwanga mpaka mwisho ndipo usome. Kisha unaingia ndani, kwenye chumba chenye kuta nene za matumbawe na dirisha moja dogo, na mwanga unabaki pale pale juu. Nilichukua laptopu ya inchi 15.6 kama yako hapa kwenye meza yangu, nikaichomeka kupitia kipimo cha wati betri ikiwa imejaa, nikaushusha mwanga kutoka 100 hadi 40. Namba ilishuka kwa karibu wati 3 mbele ya macho yangu, na maandishi bado yalisomeka vizuri kabisa ndani ya karakana. Kwa kazi nyepesi kama yako, skrini ndiyo mlaji mkubwa kuliko sehemu nyingine zote. Barazani pandisha, huna budi. Ukiingia ndani, kidole kiende kwenye kitufe cha mwanga kabla hujakaa.

La tatu ndilo linalowasumbua zaidi watu wa visiwani, na sijaliona likielezwa vya kutosha. Laptopu mpya ina kazi nyingi za siku za mwanzo. Inapakua masasisho ya Windows, inapakua programu zake za vifaa, inapanga orodha ya mafaili yako ili uyatafute kwa urahisi, inapandisha picha na nyaraka zako kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kwa mtu mwenye intaneti ya kasi isiyokatika, kazi hiyo huisha kwa siku moja au mbili, mashine ikiwa imechomekwa ukutani, na hata hajui kwamba ilifanyika. Wewe unawasha bando saa moja, unalizima, unaliwasha tena jioni. Kila ukiwasha, mashine inarukia kazi yake iliyokatika jana. Siku za mwanzo zako zimekuwa wiki tatu, na umezilipia kwa betri.

Mwezi uliopita alikuja nahodha mmoja wa mashua za watalii kutoka Shela na lalamiko hilo hilo. Aliiweka laptopu mezani, haina kitu kilichofunguliwa, picha ya jahazi tu kwenye skrini. Feni ilikuwa inavuma. Nikaupitisha mkono chini yake, upande wa kushoto palikuwa moto kama chini ya sufuria iliyotoka kuepuliwa. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager, orodha ya programu zinazofanya kazi, nikabonyeza neno CPU, yaani kichakataji, juu ya safu ili walaji wakubwa wapande juu. Jumla ilisoma asilimia 38. Mstari wa kwanza ulikuwa OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ikijaribu kupandisha picha zaidi ya 3,000 alizozihamisha kutoka simu yake, kupitia bando la shilingi hamsini. Ilikuwa inapandisha, inakatika, inaanza tena. Tukaisimamisha kwa kubonyeza alama ya wingu pale chini kulia na kuchagua kusitisha. Tukakaa kimya tunaangalia. Feni ikapunguza sauti, ikanyamaza, na ile 38 ikawa 3. Mashine ile ile, betri ile ile.

Fanya hivi basi. Jumamosi moja, uipeleke laptopu mahali penye intaneti nzuri ya wai-fai, nyumbani kwa ndugu au ofisini kwa rafiki, na uichomeke kwenye stima. Fungua Settings, nenda Windows Update, iache imalize. Ikikuambia iwashwe upya, iwashe upya, kisha angalia tena, maana mara nyingi kuna mengine nyuma. Endelea mpaka iseme hakuna kilichobaki. Kama kuna programu ya mtengenezaji ya kusasisha vifaa, ipitishe nayo. Likija sasisho la BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine, usiichomoe wala kuizima katikati hata kwa dharura gani, na hakikisha betri imejaa kabla ya kuanza, kwa sababu stima yetu unaijua. Baada ya siku hiyo, kwenye mipangilio ya wai-fai uchague intaneti ya simu yako na uwashe palipoandikwa Metered connection. Windows itaacha kupakua vitu vizito juu ya bando lako. Utaokoa betri na pesa kwa pamoja.

Ukiwa hapo hapo, iondoe ile programu ya majaribio ya kuzuia virusi iliyokuja na mashine. Muda wake ukiisha itabaki kukusumbua tu, na kinga ya Windows yenyewe itarudi kazini mara utakapoiondoa. Kisha fungua Settings, System, Power & battery, na kwenye Power mode chagua Best power efficiency kwa wakati ambao hujachomeka. Kwa maandalio ya masomo hutaona tofauti yoyote ya kasi. Mahali hapo hapo kuna orodha ya programu na asilimia ya betri ambayo kila moja imekula, itazame mara moja kwa wiki. Na kwenye kivinjari, funga kurasa usizozisoma. Picha ya skrini uliyonitumia ina kurasa 23 zilizofunguliwa, na angalau mbili kati yake zina video.

Sasa asilimia 15 za usiku. Hizo hazitokani na betri kuvuja. Laptopu nyingi za sasa zikifungwa mfuniko hazilali kama zile za zamani. Zinasinzia kama simu, jicho moja wazi, zikiangalia barua pepe na masasisho. Begini, bila hewa, inaweza hata kupata moto. Ukiandika powercfg /a kwenye lile dirisha jeusi na ukaona S0 Low Power Idle kwenye orodha ya zinazopatikana, basi yako ni ya aina hiyo. Dawa yake ni kuilaza usingizi mzito. Fungua Control Panel, Power Options, kisha Choose what closing the lid does, na kwenye mfuniko uchague Hibernate. Kama neno hilo halionekani, bonyeza kwanza Change settings that are currently unavailable, juu ya ukurasa huo huo, uliwekee alama. Mashine itaandika kazi yako yote kwenye diski na kuukata umeme. Asubuhi itachukua sekunde chache zaidi kuamka, na utaikuta karibu na pale ulipoiacha.

Nije kwa binamu yako. Alichokuambia kilikuwa na maana zamani, kwenye betri za nikeli, ambazo ziliweza kupoteza uwezo wake zikichajiwa nusu nusu. Betri za lithiamu, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991 na ambazo waanzilishi wake watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, hazina tabia hiyo. Chaji yake hujikata yenyewe ikijaa, kwa hiyo masaa manane hayaongezi kitu. Na kuiacha iishe kabisa mara kwa mara kunaichosha. Iliyozoea kukaa kati ya asilimia 20 na 80 huishi muda mrefu zaidi.

Adui mkubwa wa betri huku kwetu ni joto, na hapa nakusihi kama ningemsihi dada yangu. Kaskazi ya Januari na Februari inaingia vyumbani saa nane mchana hata ukuta unakuwa vuguvugu. Nimeshapokea laptopu iliyoachwa kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama jua, imechomekwa, imejaa asilimia 100, siku baada ya siku. Mwenyewe alilalamika kwamba kipanguso cha kidole, yaani touchpad, hakibonyezeki. Nilipoilaza mezani ilikuwa inayumba kama mtumbwi, mgongo umetuna. Nikafungua skrubu za chini taratibu, na kabla sijaitoa ya mwisho mfuniko ukajiinua wenyewe. Betri ndani ilikuwa imevimba kama mkate wa mofa, ikisukuma kipanguso kutoka chini. Betri kama hiyo usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, inaweza kuwaka.

Kwa hiyo usiiweke laptopu juu ya godoro au mto inapofanya kazi, inavuta hewa kwa chini. Kama programu ya mtengenezaji au BIOS ina kipengele cha kusimamisha chaji kwenye 80, kiwashe kwa siku za nyumbani, na ukiondoe usiku wa kuamkia siku ndefu. Na ukivuka kwa mashua, itie kwenye mfuko wa plastiki kwanza kabla ya begi. Upepo wa chumvi unakula vichwa vya shaba ndani ya tundu la chaji, nimesafisha ukijani huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Jaribio la kuamua ni hili. Ukishamaliza ile Jumamosi ya masasisho, chaji mpaka 100, chomoa, simu iwe mbali na waya, mwanga uwe 40, ufanye kazi zako za kawaida ndani ya nyumba kwa saa moja kamili. Kisha soma asilimia. Kila asilimia moja ya betri yako ni wati-saa 0.41. Ikishuka 16 hivi, umefika wati 6 na nusu na masaa yako sita yapo. Ikishuka 30 kama zamani, wakati Task Manager inaonyesha mashine imetulia chini ya asilimia 10, basi kuna kitu ndani ya mashine yenyewe kinachokula, na hiyo ni haki yako kuirudisha. Rudisha pia bila kungoja ikiwa itazimika ghafla ikiwa na asilimia 20 au 30, au ikiwa FULL CHARGE CAPACITY itashuka chini ya 37,800, ambayo ni asilimia 90, ndani ya siku hizi.

Usilifanye jaribio siku ya tisa. Lifanye ya tano, ili kama ni safari ya Mombasa ubaki na nafasi ya kuvuka Mokowe na kupanda basi la alfajiri. Boksi, chaja na risiti viweke pamoja, na ile ripoti ya betri uichapishe karatasi moja. Namba utakayoipata baada ya saa moja nitumie usiku huo huo, nitakuwa macho.